Mguu Ambao Haukuambiwa

Juzi nilipopita karakana kuwasalimu nilimkuta mmoja wenu akimkabidhi dereva karatasi. Dereva aende Bunda kwenye msiba, achukue mguu wa bandia wa marehemu, mali ya hospitali, na arudi nao kabla ya saa tisa. Nikafoka. Najua mlicheka nilipotoka getini, mkasema mzee kustaafu kumemchanganya. Chekeni tu. Lakini nilifoka bila kueleza, na hilo ni kosa langu, kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Kitaji niwaandikie taratibu. Mdomo wangu ukishakasirika haunyooshi maneno.

Waliokatwa chini ya goti mnawajua, hao ukiwatengenezea vizuri wiki ya pili wanakukimbia hata hawaagi. Wa juu ya goti wanataka uvumilivu. Lakini yule aliyeondolewa mguu mzima, kwenye nyonga kabisa, hana hata kipande cha paja cha kuingiza mahali. Huyo unamtengenezea bakuli. Analivaa kiunoni na kulikalia, na chini ya bakuli unaning'iniza mguu wote, wenye bawaba ya nyonga, goti na wayo. Hapo una viungo vitatu na hakuna hata kimoja kinachomsikia mwenyewe. Anautembeza kwa kiuno peke yake. Mimi nimepima viuno vya watu wengi mno, wake kwa waume, mpaka mke wangu akawa ananiuliza jioni, "Leo umeshika vingapi?"

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Bwana Sospeter, mtu mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa patasi. Kwanza alinifundisha kumwangusha mgonjwa. Ndiyo, kumwangusha. Kabla hajasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, tulimlaza kwenye godoro tukamfundisha aanguke upande gani, mkono auweke wapi, na ainuke vipi. Alisema mtu asiyejua kuanguka hatembei, anatetemeka tu. Pili, mguu wa nyonga uwe mfupi kuliko ule mguu wake mzima uliobaki kwa unene wa kidole, la sivyo wayo utakwama chini kila hatua na mgonjwa ataanza kujirusha kwenye ncha ya mguu mzima kama kuku. Nawaona wagonjwa wenu wakijirusha hivyo. Rekebisheni.

La tatu ndilo lililonifanya nifoke. Mwenye mguu akifariki, fundi aende mwenyewe msibani. Akae, apewe uji kama upo, angoje mpaka wenye msiba wamkabidhi mguu kwa mikono yao. Akirudi nao, kabla ya kutumia kipande chake chochote kwa mtu mwingine, alifungue goti, akwangue vyuma vyake na kubadilisha ngozi zake zote. Sospeter aliita kazi hiyo kuondoa mwendo. "Mwendo wa mtu unabakiga kwenye goti," aliniambia. "Usipoutoa, utampa mtu mguu wenye mtu." Mimi nilimwona ni mzee mwenye mambo mengi. Kijana siku zote anadhani mambo ya mzee ni mengi.

Sasa niwapeleke kwenye miaka yenyewe. Ilikuwa wakati ule wa ruksa. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa tena, mitumba imetandazwa barabarani, sabuni unachagua rangi, lakini hospitali ilikuwa kama imesahauliwa katika miaka ya foleni. Plasta hakuna, bawaba hakuna, dizeli hakuna. Mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akifundisha watu kutembea aliacha kazi akaenda kununua samaki kwenye mialo ya wavuvi ziwani. Sospeter alikuwa ameshafariki. Nikabaki peke yangu, mimi ndiye fundi na mimi ndiye mwalimu wa hatua.

Katika hali hiyo wakaniletea Nyangeta. Alikuwa binti kutoka kijiji cha Bugwema, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, na umri wake haukufika thelathini. Alikuwa amepanda juu ya lori la pamba kutoka Bunda, kama watu wote walivyosafiri siku hizo, na lori likapinduka. Mguu wa kulia uliondolewa wote. Kwao wakauchukua wakauzika Bugwema, nyuma ya nyumba ya baba yake.

Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini. Wengine husema wanataka kwenda shamba, wengine kanisani. Yeye alisema, "Nataka mikono yangu, Fundi."

Sikuelewa.

"Nikiwa na magongo mikono yote imeshikwa. Chaki nashika na nini? Kitabu nashika na nini?"

Kisha akanieleza. Ilikuwa imekuja orodha ya kupunguza wafanyakazi, na jina lake limo. Mwalimu mkuu alimwombea, akajibiwa kwamba Jumatatu ya kufungua shule mkaguzi atapita. Akimkuta amesimama ubaoni anafundisha bila magongo, jina litafutwa. Akimkuta na magongo, basi, aende nyumbani. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Mguu wa nyonga ukiwa na vifaa vyote unataka miezi.

Vifaa vyenyewe ndiyo hivyo. Plasta ya kupimia bakuli ilipungua, nami nikajifanya mjuzi, nikasaga chaki alizoniletea Nyangeta nikachanganya. Chaki haigandi, wanangu. Nilimpaka kiuno kizima, tukangoja, tukangoja, ukabaki uji. Akaangalia ule uji unavyotiririka akasema, "Fundi, kwetu mtu akipakwa hivi anaolewa." Tulicheka mpaka nikakaa chini. Nilimpenda kwa hilo. Mgonjwa anayecheka siku ya plasta nusu ya kazi ameshaifanya.

Bakuli nilipata hatimaye, kwa ngozi ya ng'ombe niliyoifuata mnadani Bunda. Lakini mguu wenyewe, yaani bawaba ya nyonga, goti na wayo, sikuwa nao. Mkoa mzima ulikuwepo mmoja tu wa namna hiyo, uliotengenezwa na Sospeter kwa mti mzuri, na ulikuwa wa Mzee Makuru.

Mzee Makuru alikuwa mchimbaji wa zamani wa dhahabu Buhemba. Maji yaliingia shimoni, mbao zikamwangukia, akakaa mguu wa kulia umebanwa ndani ya maji baridi mpaka walipomtoa. Alikuwa na kwake karibu na Butiama. Miaka yote aliyokuja karakana tulimtambua kabla hajafika mlangoni. Alikuwa anasimama, anagonga kisigino chini mara mbili, ko-ko, ndipo anaanza. Halafu hatua, goti linasema tik, wayo unaburuzika kidogo, kimya. Hatua, tik, kuburuza, kimya. Wauguzi walisema mzee huyu anatembea na saa.

Wiki ileile aliyoletwa Nyangeta zikaja habari kwamba Mzee Makuru amefariki.

Sikwenda. Nawaambia wazi ili mjue anayewafokea ni nani. Dizeli haikuwepo, kazi ilinibana, na moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba mguu umepatikana. Nikaandika karatasi kama ile ya kwenu, nikampa dereva wa lori lililokuwa linapita Butiama. Jioni mguu ukaletwa ukiwa umefungwa kwa kamba ya mkonge juu ya magunia. Nikaukata muundi, kile kipande cha chini ya goti, niupunguze urefu, maana mzee alikuwa mrefu. Ndani Sospeter alikuwa ameuchimba uwe mwepesi, nikatazama, mkavu, safi. Goti sikulifungua. Lilikuwa linacheza vizuri, ngozi mpya sikuwa nazo, na siku zilikuwa zinakwenda. Nikaupaka rangi. Nyangeta sikumwambia ulikuwa wa nani.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kunja kiuno, kana kwamba unataka kukaa kwenye kigoda kilichoko nyuma yako, na mguu utaruka mbele wenyewe. Kisigino kikigusa chini, kaa juu ya bakuli kwa uzito wote, usiogope. Ngoja goti likaze. Sasa pitisha mguu mzima. Wengi huchukua wiki tatu kabla ya kuamini kile kigoda. Nyangeta alichukua siku mbili. Siku ya tatu aliachia vyuma.

Nilifurahi mpaka nikasimulia kwa wenzangu. Ilikuwa siku ya nne, nimekaa mezani nimempa mgongo, nikasikia ko-ko. Halafu hatua, tik, kuburuza, kimya.

Niligeuka haraka. Alikuwa Nyangeta, ametulia kabisa.

"Nani kakufundisha kugonga?" nikamuuliza.

"Si wewe?"

"Mimi sijakufundisha."

Akafikiri. "Basi ni mguu. Unatakaga hivyo."

Mimi ni mtu wa vyuma, nikatafuta sababu. Na sababu ilikuwepo. Kitasa cha goti kilikuwa kimelika, hakishiki mpaka ukitikise mara mbili. Kwa hiyo mtu yeyote angejifunza kugonga. Hata kuburuza nilikuelewa, wayo ulikuwa umelika upande wa nje. Nikajiridhisha, nikala chakula changu cha mchana.

Ila nilishindwa kueleza upande. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ukutani hadi ukutani, atembee juu yake. Kila mara alipofika katikati alianza kwenda kushoto, kuelekea dirishani. Nikakaza hapa, nikalegeza pale, nikageuza wayo. Kushoto vilevile. Nikaazima pima maji ya mafundi wa ujenzi nikapima sakafu, iko sawa. Nikamwambia aanze upande wa pili wa ukumbi. Mkono wake wa kushoto sasa ulikuwa ukutani, nami nikasema leo tutaona. Akaenda kulia, kuelekea dirisha lilelile. Dirisha hilo linatazama upande wa barabara ya Butiama.

Kuna jambo lingine, na hili lilinitia hofu hasa. Mnajua kwamba aliyekatwa mguu anausikia mguu usiokuwepo. Nyangeta tangu siku ya kwanza aliusikia mguu wake, kidole gumba kinawasha, kiatu cha raba kinambana. Hili ni la kawaida, msiwaambie wagonjwa kwamba wamechanganyikiwa. Wiki ya tano alinijia kimyakimya.

"Fundi, mguu ninaousikia si wangu tena."

"Ni wa nani?"

"Sijui. Mkubwa. Mguu wa mwanaume. Na umesimama kwenye maji, maji baridi sana." Akajikumbatia ingawa jua lilikuwa kali. "Wangu umekwenda wapi?"

Nilimwambia ni mishipa ya fahamu, itatulia. Sikuthubutu kumtazama. Hakuna mtu aliyekuwa amemsimulia habari za shimo la Buhemba, na mimi niliyezijua nilikuwa nimefunga mdomo wangu kwa kuogopa kwamba akijua ataukataa mguu, na akiukataa hakuna mwingine.

Ikafika Ijumaa, siku tatu kabla ya mkaguzi. Ilikuwa siku ya kliniki ya macho na benchi la barazani lilikuwa limejaa wazee. Nilimtoa Nyangeta ukumbini atembee kwenye saruji ya nje, nami nikamfuata nyuma. Ko-ko. Hatua, tik, kuburuza, kimya.

Kwenye benchi akainuka mwanamke mmoja mzee, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Alinyoosha mkono mbele, usoni amechangamka kabisa.

"Baba Magori," akasema. "Umekula?"

Nikamtambua. Alikuwa Mama Magori, mjane wa Mzee Makuru.

Nyangeta alisimama. Yule mama akamfikia, akampapasa mabega, akashuka kiunoni, akashika paja la mti. Uso ukabadilika.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Naitwa Nyangeta, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hii mguu umepewa na nani?"

Nikajitokeza. Niliwakalisha wote wawili karakana, nikafunga mlango, nikasema yote, ya dereva, ya rangi, ya goti nisilolifungua. Nyangeta alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza aliniangalia kwa namna ambayo ningependa kuisahau.

"Umenivalisha marehemu, Fundi," alisema. "Hukuniambia."

"Nilitaka utembee."

"Ningekubali. Ungeniambia ningekubali."

Mama Magori hakuwa na hasira. Alituambia desturi ya kwao. Mwenye mji akifariki, kabla kaburi halijafukiwa, mtu mzima wa nyumba huenda zizini akawaambia ng'ombe kwamba aliyekuwa anawatunza hayupo. Kisha huingia ndani na kuviambia vitu vyake alivyokuwa akivishika kila siku.

"Ng'ombe tuliwaambia," alisema. "Kigoda tulikiambia. Fimbo tuliiambia. Nikasema sasa mguu. Nikaambiwa mguu imeshapanda lori." Akatikisa kichwa. "Haijui kama amekufa. Bado inamtafutaga. Ndiyo maana inamvuta huyu mtoto."

"Mama, unataka kuuchukua?" nikamuuliza.

"Niuchukue nikafanye nini? Yeye tumemlaza pembeni ya mguu wake wa kwanza, ametimia. Hii ya mti ni ya kutembea. Atembee nayo. Lakini iambiwe, na iambiwe kulekule. Isipoambiwa, siku moja itampeleka alipolala."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipaswa kusema jambo la kanisa. Badala yake nikasema jambo la fundi, ambalo lilikuwa baya zaidi. Nikamwambia Nyangeta tungoje. Anatembea vizuri, mkaguzi anakuja Jumatatu, mguu umeshamkubali, tusiuguse. Apite mkaguzi kwanza, ndipo twende Butiama hata kwa miguu.

Nyangeta akauliza, "Jumatatu nikisimama mbele ya watoto, anayesimama ni nani?"

Nikatoka kwenda kutafuta gari la Butiama.

Jumamosi asubuhi sisi watatu tulipata Landrova ya chanjo iliyokuwa inakwenda upande huo. Ikatushusha barabarani, ikaenda zake. Kutoka hapo hadi kwa Mama Magori ni njia ya ng'ombe, mawe na mashimo, inapanda. Nilikuwa nimebeba magongo ya Nyangeta begani, nikijua atayahitaji baada ya hatua kumi. Hakuyahitaji. Aligonga mara mbili, akaanza. Hajawahi kutembea kwenye mawe, mimi sijamfundisha kupanda, na alipanda. Njia ilipogawanyika hakumngoja Mama Magori aseme. Alipinda, akapinda tena penye mkonge, na mimi niliyekuwa na miguu yangu miwili nikabaki nyuma nikihema. Mama Magori ambaye haoni alikuwa akifuata sauti ya goti, na alikuwa anatabasamu. Hakuna mbwa aliyebweka. Mbwa wawili wa pale walikuja wakanusa wayo wa mti, wakatembea naye pembeni, mmoja huku, mmoja huku.

Mbele ya mlango wa nyumba Nyangeta alisimama, akagonga mara mbili. Akageuka akaniangalia, machozi yanamtoka. "Sikugonga mimi," alisema.

Kaburi lilikuwa pembeni ya zizi, na udongo ulikuwa bado haujatulia. Mama Magori alipiga magoti mbele ya Nyangeta, akaushika mguu kwa mikono miwili, chini ya goti, kama unavyomshika mtoto unapotaka akusikilize.

"Wewe mguu," alisema. "Makuru amekufa. Tumemzika hapa. Ulimbebaga vizuri, asante. Hatakuvaa tena. Huyu anaitwa Nyangeta, ni mwalimu, kwao ni Bugwema. Sasa ni wa kwake wewe. Umfuate yeye."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Ng'ombe walikuwa wanacheua, jua la saa tano linawaka. Mama Magori akauachia mguu, na Nyangeta akaanguka.

Alianguka vizuri, upande wa mkono, kama nilivyomfundisha siku ya kwanza. Nikamwinua. Akajaribu hatua, akaanguka tena. Kiuno kilikunja, mguu ukabaki unaning'inia. Akajaribu kugonga, goti likajikunja chini yake. Ulikuwa mti mtupu sasa, na mkaguzi alikuwa amebakiza siku moja.

"Tumeuharibu," nilisema. Nilikuwa karibu kulia, sioni aibu kuwaambia.

Nyangeta alikuwa amekaa chini kwenye mavi makavu ya ng'ombe, amejishika pajani pasipo na paja. Akaanza kucheka, cheko lenye kilio ndani yake. "Fundi, kidole kinawasha. Kidole gumba changu! Kiatu changu cha raba nakisikia." Alipapasa hewa pale ambapo mguu wake ungekuwa. "Umerudi. Mdogo, wangu."

Tulishuka ile njia kwa magongo. Tulitumia saa mbili.

Jumapili sikwenda ibadani. Niliubana mguu kwenye jiliwa la mezani na kufanya nilichopaswa kufanya wiki saba nyuma. Nilifungua goti. Vyuma vyake vilikuwa na mfereji uliochimbwa na miaka ya mtu mmoja, nikaukwangua mpaka ukaisha. Kitasa nikakikata upya. Ngozi nilitoa kwenye mkoba wangu wa shule. Grisi haikuwepo, nikapaka mafuta ya sangara, na kwa wiki mbili paka wa mtaa walimfuata Nyangeta kila alikokwenda. Kisha nikaugeuza muundi nitoboe tundu la mkanda.

Yakamwagika maji.

Kiasi cha kikombe kimoja, yakatiririka mezani hadi kwenye viatu vyangu. Maji baridi sana, yenye wekundu wa udongo. Mguu huo niliukata mwenyewe nikaona ndani mkavu. Tangu uletwe haujawahi kunyeshewa, haujawahi kuingia ziwani. Nimefikiri miaka yote hii kuhusu jasho, kuhusu unyevu wa mti. Nanyi mnaosoma zaidi yangu fikirini. Nilichofanya ni kuchukua kitambaa safi, nikaukausha ndani polepole, na nikajikuta nasema, pole mzee, sikuja kukuzika.

Mchana Nyangeta akaja. Alianza upya kama mtoto. Kunja kiuno, kaa kwenye kigoda, ngoja, pitisha. Hadi jua linapoa alikuwa na hatua tisa bila kushika kitu. Zilikuwa hatua mbaya. Lakini zilikwenda juu ya mstari wa chaki, hata kidogo hazikuelekea dirishani.

Jumatatu nilisimama nje ya darasa lake, kwenye dirisha la nyuma, kama mzazi. Mkaguzi alikaa nyuma na daftari lake. Nyangeta alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akainuka. Kutoka kitini hadi ubaoni ni hatua sita. Ya tatu aliyumba, watoto wote wakazuia pumzi, naye akawaambia, "Mnanihesabia? Haya, hesabuni kwa sauti." Wakahesabu. Nne! Tano! Sita! Akafika. Kitabu mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia. Akaandika, akageuka, akafundisha kipindi kizima amesimama. Sauti ya mguu wake ilikuwa mpya kabisa, sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Mkaguzi alipotoka alinipita dirishani akasema, "Huyu abaki."

Sasa sikilizeni mwisho wake. Darasa lilipotoka, Nyangeta alifika mlangoni, akasimama, akagonga kisigino mara mbili. Ko-ko. Nikashtuka. Goti nililitengeneza kwa mikono yangu, halikuwa na haja yoyote ya kugongwa.

"Mwalimu, nini tena?"

"Hiyo ni mimi, Fundi," alisema. "Namsalimia."

Ikawa desturi yake. Kila mwezi siku ya kliniki ya macho alipita barazani, akasimama mbele ya benchi, akagonga mara mbili, na Mama Magori akaitika, "Karibu, mwanangu, umekula?" Hivyo hivyo hadi mama yule alipofariki. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe, na Nyangeta alikwenda, na kwa mawe yale alipanda polepole, kwa mwendo wake.

Nyangeta yuko hai, amestaafu, anaishi kwao Bugwema. Mguu ni uleule. Nimebadilisha bakuli mara nyingi, wayo mara mbili, lakini muundi na goti ni vya Sospeter. Mkikagua daftari la vifaa mtaukuta umeandikwa mali ya hospitali, na siku ya Nyangeta ikifika mtauhitaji, maana vitu vizuri kama hivyo havitengenezwi tena.

Msitume dereva. Nendeni wenyewe, mkae msibani, mpewe kwa mikono. Na kabla hamjaunyanyua, mmoja wenu apige magoti aushike chini ya goti, aseme naye. Kama nitakuwepo nitasema mimi. Kama sitakuwepo, mkumbuke kuutajia majina yote mawili, Makuru na Nyangeta, kisha mumtaje na huyo mgonjwa anayeungoja.